Gereji, Dola na Haki ya Kujaribu: Funzo kutoka Historia ya Hotirodi

Kila mwaka wa masomo huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali moja: teknolojia ya nchi huzaliwa wapi? Majibu hayabadiliki sana. Wengi husema huzaliwa katika maabara ya chuo kikuu. Wengine husema kiwandani. Wachache wenye mwelekeo wa siasa husema huzaliwa katika mipango ya serikali. Ni nadra mno kumsikia mtu akijibu kwamba huzaliwa uani, kwenye banda la gari, mikononi mwa kijana ambaye hakutumwa na yeyote kufanya anachokifanya.

Makala haya yanahusu banda hilo. Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi, kwa sababu mambo ya jirani huturuka machoni kwa hasira au kwa mazoea, ilhali ya mbali tunaweza kuyapima kwa utulivu. Mfano wenyewe ni magari ambayo Wamarekani huyaita hotirodi, yaliyoanza kuundwa kusini mwa California kabla ya Vita Kuu ya Pili. Hoja yangu ni kwamba vipaji vya ufundi havijawahi kuadimika katika jamii yoyote. Kinachotofautiana ni namna dola inavyomtazama mwenye kipaji: ikimtambua kama raia anayejaribu jambo, kazi yake hukua ikawa kiwanda, ikimtambua kama tatizo la polisi, kazi ile ile huandikwa katika daftari la makosa. California inafaa kwa somo hili kwa sababu ilifanya yote mawili, katika zama zile zile, kwa vijana wa aina mbili.

Chuma cha bei rahisi

Hotirodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford la kati ya mwaka 1928 na 1934, lililovuliwa kila kisichohitajika, likashushwa karibu na ardhi, kisha likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Ili gari kama hilo liwezekane, sharti la kwanza si ubunifu. Sharti la kwanza ni wingi wa chuma.

Kati ya mwaka 1908 na 1927 kampuni ya Ford iliunda zaidi ya magari milioni 15 ya Model T. Mfumo wa kuunganisha gari likiwa linasogea mbele ya wafanyakazi, ulioanza mwaka 1913 katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, uliteremsha bei hadi dola 260 ilipofika mwaka 1925. Likafuata Model A, lililoundwa kwa idadi inayokaribia milioni 5 hadi mwaka 1931. Mwaka 1932 likaja gari lililobadili historia hii: Ford lenye injini ya V8.

Msomaji wa Tanzania akisikia V8 huona shangingi la kigogo likipita na watembea kwa miguu wakirudi nyuma. V8 ya mwaka 1932 ilikuwa na maana iliyo kinyume kabisa. Kabla yake, injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V ilikuwa mali ya matajiri, kwa kuwa vipande vyake vilitengenezwa mbalimbali kisha vikaunganishwa kwa boliti. Henry Ford alishikilia kwamba bloku lote lisubiwe kwa mkupuo mmoja, na mafundi wake waliharibu mabloku mengi kabla ya kufaulu. Matokeo yake yalikuwa injini ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65, ndani ya gari ambalo toleo lake la bei ya chini kabisa liliuzwa kwa dola 460. Anasa ya tajiri ilikuwa imeshuka hadi kwa karani na mkulima, na baada ya miaka michache ikashuka tena hadi kwenye yadi za magari mabovu, ambako kijana asiye na kazi ya kudumu aliweza kuinunua kwa akiba ndogo.

Mambo mengine mawili yalisaidia. Hali ya hewa ya kusini mwa California haina theluji, kwa hiyo bodi za magari hazikuliwa na kutu kama zilivyoliwa katika majimbo ya kaskazini. La pili huwa halisemwi sana: tangu Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917, serikali ya shirikisho ilikuwa ikichangia fedha za elimu ya ufundi katika shule za sekondari. Somo la magari halikuwa adhabu ya walioshindwa hesabu. Vijana wengi wa kizazi hicho walishika spana, wakachomelea chuma na kutumia mashine ya kukereza wakiwa bado wanafunzi, kwa gharama ya walipa kodi. Simulizi za ushujaa wa mtu mmoja aliyejiinua kutoka gerejini hupenda kuisahau bajeti hii ya umma.

Jinsi hotirodi inavyojengwa

Yafaa tuingie gerejini kwa muda, maana siasa ya jambo hili imo ndani ya kazi yenyewe. Nchini Marekani gereji maana yake hasa ni chumba cha kulaza gari kando ya nyumba ya kuishi. Kwetu gereji ni mahali pa kazi pa fundi. Hotirodi ilizaliwa pale maana hizo mbili zilipokutana: chumba cha gari kikageuka karakana.

Kazi huanza kwa kuondoa. Madigadi hutolewa, ubavu wa boneti huachwa wazi, na kila bamba lisilobeba uzito hufunguliwa, kwa sababu gari jepesi huhitaji nguvu kidogo kulisukuma. Kisha gari hushushwa. Ekseli ya mbele hupashwa moto na kupindwa ili ncha zake zipande juu ya sehemu ya kati, na hivyo chesisi huteremka. Wengine hukata sakafu ya bodi na kuiketisha bodi chini zaidi juu ya chesisi. Wengine hukata nguzo za paa, wakapunguza sentimita kadhaa, wakachomelea tena ili upepo upate uso mdogo wa kupiga. Matairi madogo huwekwa mbele na makubwa nyuma.

Halafu huja uchaguzi wa vipuri, na hapa ndipo wingi wa Ford unapojidhihirisha. Bodi ya Model A huweza kukalishwa juu ya chesisi ya mwaka 1932, inayopendwa kwa uimara wake. Breki za fimbo, ambazo Ford alizing'ang'ania hadi mwaka 1938, hung'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na breki za mafuta za magari ya mwaka 1939 na kuendelea. Gia boksi ya mwaka 1939 hutafutwa kwa sababu gia zake huingia kwa ulaini na fimbo yake hukaa sakafuni. Hivyo gari moja hubeba ndani yake miaka kumi ya maendeleo ya kiwanda, yaliyokusanywa na mtu ambaye kiwanda hakimjui.

Kilele cha kazi ni injini. V8 ya Ford ilikuwa na udhaifu ulio wazi kwa kila aliyeifungua. Vali zake zimo ndani ya bloku, si kichwani. Moshi wa moto hupita katika njia zilizochongwa ndani ya bloku hilo hilo kabla ya kutoka, tena silinda nne za kila upande hutumia matundu matatu tu ya kutolea moshi, mbili za kati zikigawana tundu moja. Kwa hiyo injini huchemka. Mjenzi humjibu mhandisi wa Ford kwa vitendo: huongeza uwezo wa rejeta, hupanua matundu ya silinda, hufunga vichwa vya alumini vinavyobana zaidi mchanganyiko wa mafuta na hewa, huweka kabureta mbili au tatu za Stromberg mahali pa moja, na hupeleka kemshafti ikachongwe upya ili vali zifunguke zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Baada ya vita wengi walitafuta krenkshafti ya gari la Mercury la mwaka 1949, inayoipa pistoni mwendo mrefu zaidi.

Angalia kinachotendeka hapa. Kila badiliko ni dhana inayowekwa kwenye mtihani. Mjenzi anasema: nikifanya hivi, gari litakimbia zaidi. Kisha analipeleka mahali pa kupimwa, na saa haina upendeleo. Mimi nafundisha mbinu za utafiti, na sijui namna iliyo bora ya kueleza maana ya utafiti kuliko hiyo. Hata leo wapo Wamarekani wanaojenga hotirodi za jadi katika gereji za nyumbani, wakijifunga kutumia vipuri na mbinu za miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 pekee. Wanaodhani huo ni mchezo wa wazee wenye fedha wana ukweli fulani. Lakini mtu anayefungua injini ya mwaka 1932 na kutambua kwa nini bloku lilipasuka pale lilipopasuka anasoma nyaraka za historia kwa kutumia spana.

Vumbi na kanuni

Mahali pa kupimia palikuwa jangwani. Katika jangwa la Mojave kuna maziwa yaliyokauka ambayo sakafu yake ni tambarare na ngumu: Muroc, Rosamond, Harper, El Mirage. Vijana waliendesha usiku kutoka Los Angeles, wakafika alfajiri, wakavua taa na vioo vya magari yao, wakakimbia.

Mwanzoni magari kadhaa yaliondoka kwa pamoja. Aliyekuwa mbele aliona ziwa. Waliokuwa nyuma waliona vumbi tu, na ndani ya vumbi hilo watu waligongana na kufa. Jibu la vijana lilikuwa kujitungia kanuni. Mwaka 1937 vilabu mbalimbali viliungana kuunda Southern California Timing Association. Chama hicho kilisimamia vipimo vya muda, kikayagawa magari kwa madaraja na kuvifanya vilabu viwajibike kwa mienendo ya wanachama wao. Baada ya vita kila gari lilikimbia peke yake dhidi ya saa. Kanuni hiyo haikutoka wizarani. Ilitokana na vifo vya marafiki.

Chama hicho kilikuwa cha wanaume, lakini historia yake haiandikiki bila mwanamke mmoja, Veda Orr, aliyekimbiza gari lake katika maziwa hayo kabla ya vita. Vijana walipopelekwa vitani naye akabaki, aliendeleza jarida dogo la chama na kulituma kwa wanachama waliotawanyika kambini na melini. Pale ambapo taasisi nyingi zingekufa kwa kukosa watu, hii iliishi kwa kazi ya mtu mmoja aliyeandika barua.

Vita vyenyewe vilichukua mengi na kurudisha mengi. Februari 1942 uundaji wa magari ya kiraia ulisimamishwa, petroli ikagawiwa kwa kadi, na jeshi likaifanya Muroc kuwa yake. Lakini jeshi lile lile liliwafundisha maelfu ya vijana kutengeneza injini za ndege, mifumo ya haidroli na uchomeleaji wa metali nyepesi. Vita vilipokwisha, vifaa vya ziada vya jeshi viliuzwa kama chuma chakavu. Bill Burke, aliyekuwa ameyaona vitani matangi ya mafuta yanayoning'inizwa chini ya ndege, alitambua kuwa umbo lake la tone hukata upepo vizuri. Mwaka 1946 akalifanya tangi la aina hiyo kuwa bodi ya gari. Mwaka huo huo Alex Xydias, akiwa ndiyo kwanza ametoka jeshini, alifungua duka la vifaa vya mwendo kasi huko Burbank.

Dola mlangoni

Si wote walikwenda jangwani. Wengine walishindana barabarani, usiku, kati ya taa na taa, na watu wasiohusika waliumia. Magazeti yaliligeuza neno hotirodi kuwa jina la kijana mhuni. Wakuu wa usalama barabarani walilaani, na mazungumzo ya kupiga marufuku magari hayo yakaanza kusikika kwa watunga sheria. Historia ingeweza kuishia hapo.

Haikuishia hapo kwa sababu mbili. Kwanza, vijana walikuwa wameshajipanga, kwa hiyo walikuwa na sauti moja. Januari 1948 waliandaa maonyesho katika ukumbi wa Armory, Los Angeles, ili umma ujionee kazi ya mikono yao, na katika siku hizo hizo Robert Petersen na mwenzake Robert Lindsay walianza kuuza jarida la Hot Rod kwa senti 25. Mwaka 1951 mhariri wa jarida hilo, Wally Parks, akawa rais wa chama kipya cha kitaifa, National Hot Rod Association, kilichojipa kazi ya kuyatoa mashindano barabarani na kuyapeleka mahali salama.

Pili, na hili ndilo nataka watumishi wa umma wanaosoma hapa walitafakari, baadhi ya maofisa wa dola walichagua njia tofauti. Mwaka 1950 mashindano ya kulipia kiingilio yalianza kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, katika kaunti ya Orange. Mjini Pomona mkuu wa polisi, Ralph Parker, na sajini wake Bud Coons hawakuridhika na kukamata na kuachia. Waliwasaidia vijana kupata eneo la maegesho katika viwanja vya maonyesho vya kaunti, na hapo ndipo chama hicho kilipofanya mashindano yake rasmi ya kwanza mwaka 1953. Mwaka uliofuata Coons aliongoza kikosi kidogo kilichozunguka nchi kikifundisha miji mingine namna ya kuandaa mashindano yenye usalama. Polisi akawa mwalimu wa kanuni. Kilichomgeuza hakikuwa huruma. Kwa ninavyoelewa mimi, kilikuwa hesabu ya kawaida ya utawala: kumpa kijana mahali pa kujaribu ni nafuu kuliko kumfukuza kila usiku katika barabara mpya.

Kutoka gereji hadi kiwanda

Uamuzi huo ulizaa nini? Vic Edelbrock, aliyetoka Kansas wakati wa mdororo wa uchumi, alikuwa na gereji ya kutengeneza magari na Ford lake la mwaka 1932 la kukimbiza jangwani. Mwaka 1938 alibuni manifoldi ya kabureta mbili kwa ajili ya gari hilo, watu wakaitaka, na jina lake likawa kampuni. Ed Iskenderian, mtoto wa wahamiaji wa Kiarmenia, aliona foleni ya kusubiri kemshafti ilikuwa ndefu, akajifunza kuzichonga mwenyewe, naye akawa mwenye kiwanda. Mwaka 1963 wenye viwanda vya aina hiyo waliunda chama chao, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuweka viwango vya ubora wa vipuri, kwa kuwa kipuri kikipasuka kwa mwendo kasi huua.

Kampuni kubwa nazo zilikuja kujifunza. Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Kirusi, alikuwa ametengeneza vichwa vya kuiongezea nguvu V8 ya Ford kabla ya kuajiriwa na General Motors mwaka 1953. Desemba ya mwaka huo aliwaandikia wakuu wake waraka kuhusu vijana, hotirodi na Chevrolet. Hoja yake ilikuwa nyepesi: vijana hawa wanasoma majarida yaliyojaa Ford kuanzia jalada hadi jalada, na wakipata fedha watanunua Ford. Chevrolet ikitaka kuwapata, iwatengenezee vipuri vya nguvu. Injini mpya ya V8 ya Chevrolet, ya lita 4.3, iliyotoka kwa ajili ya magari ya mwaka 1955, ikawa baada ya muda injini ya hotirodi kuliko ile ya Ford. Kampuni kubwa kabisa ya magari duniani ilikuwa imeshauriwa kuketi na kumsikiliza kijana wa uani.

Gereji ya nani?

Wasimulizi wengi huishia hapo, na wakiishia hapo wanatuachia hadithi nzuri isiyo kamili. Ili uwe na gereji ya nyumbani, sharti kwanza uwe na nyumba. Katika Los Angeles ya miaka hiyo, hati za viwanja katika mitaa mingi zilikataza kumuuzia au kumpangisha mtu mweusi, Mmeksiko au mwenye asili ya Asia. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba mahakama hazitatekeleza masharti hayo, lakini ubaguzi wa nyumba haukupigwa marufuku na sheria ya shirikisho hadi mwaka 1968. Mikopo ya nyumba ya askari waliorudi vitani, iliyotokana na sheria ya mwaka 1944, iliwafikia weupe kwa urahisi na weusi kwa shida. Nao watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000, wengi wao raia, waliondolewa makwao kuanzia mwaka 1942 na kufungiwa kambini. Aliyekuwa na gari aliliuza kwa bei ya kutupa au aliliacha.

Vijana wa Kimeksiko wa mashariki mwa Los Angeles nao walikuwa na magari yao. Walichukua zaidi Chevrolet zilizotumika, wakazishusha hadi karibu ziguse lami, wakazipaka rangi kwa ustadi mkubwa, wakaziendesha polepole, familia ikiwa ndani, mtaani kwao. Hizi ndizo loraida. Mwenye hotirodi alisaka kasi. Mwenye loraida alisaka kuonekana, katika mji ambao mwaka 1943 mabaharia waliwapiga na kuwavua nguo vijana wa Kimeksiko mitaani kwa sababu ya mtindo wa suti zao.

Kwa ufundi, kazi hizi mbili ni ndugu: kukata, kuchomelea, kushusha, kubadili. Kwa mtazamo wa dola hazikuwa ndugu. Mwaka 1958 California iliweka katika sheria ya magari kifungu kilichokataza gari la abiria lililobadilishwa hadi sehemu yoyote ya mwili wake iwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kifungu hakikutaja kabila la mtu, lakini polisi walijua mtaa wa kukitumia. Mafundi walijibu kama mafundi wanavyojibu. Ron Aguirre wa San Bernardino alitumia haidroli kwenye gari lake la Corvette ili aweze kulipandisha na kulishusha apendavyo, na teknolojia ya pampu iliyotokana na vifaa vya ziada vya ndege ikaenea kwa wenzake. Askari akitokea, gari hupanda hadi kimo cha kisheria; akipita, hushuka. Sanaa ya gari linalocheza, ambayo leo dunia nzima huifurahia katika video za muziki, ilichochewa na haja ya kukwepa faini.

Kifungu hicho na mamlaka ya miji kupiga marufuku matembezi ya magari ya polepole viliondolewa na sheria iliyoanza kutumika Januari 2024. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita. Weka mizani hiyo mbele yako, msomaji: jimbo moja, muongo mmoja, chuma kile kile. Kijana mmoja alipewa uwanja na sajini wa kumwelekeza. Mwingine alipewa kifungu cha sheria.

Hoja ya usalama

Najua jibu litakalotolewa ofisini: barabara si maabara, na wajibu wa kwanza wa serikali ni kulinda uhai. Ni hoja nzito. Gari lililochomelewa vibaya huua aliyemo na asiyekuwemo, na hakuna falsafa ya ubunifu inayomfariji mzazi aliyefiwa. Lakini historia hii haimpingi mtu wa usalama. Inamuuliza tu usalama hupatikana vipi. Mashindano ya Mojave yalipungua hatari pale waliohusika walipotunga kanuni na kuzisimamia. Mashindano ya barabarani yalipungua pale palipopatikana mahali pengine pa kushindania. Vipuri vilikuwa imara zaidi pale watengenezaji walipojiwekea viwango. Kwa upande wa pili, katazo la mwaka 1958 halikuzuia gari hata moja kushuka, lilizaa pampu. Kanuni inayotungwa pamoja na fundi hupata ujuzi wake. Inayotungwa dhidi yake hupata werevu wake tu.

Na sisi je?

Afrika Mashariki haina uhaba wa chuma chakavu wala wa mikono. Atakayetembea Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji mjini Nairobi au Katwe mjini Kampala atayaona kwa macho yake. Taasisi pia tunazo: SIDO ilianzishwa mwaka 1973, VETA mwaka 1994. Hata ndoto ya gari la taifa tumeiota: mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa umma. Hayakufika sokoni. Tofauti yake na hotirodi haiko katika akili za wahandisi, maana wahandisi wale walifanya kazi ya kuheshimika. Iko katika mwelekeo wa amri. Gari la Nyayo liliteremka kutoka Ikulu likitafuta kiwanda. Hotirodi ilipanda kutoka uani ikitafuta ruhusa.

Kwa hiyo swali la sera kwetu si kwamba tuanzishe mashindano ya magari. Ni dogo zaidi na gumu zaidi. Fundi wa mtaani aliyeunda kitu kipya, iwe guta la injini, mashine ya kukoboa au pikipiki ya umeme, anakwenda wapi kukipima? Nani anampa cheti kwamba kipimo kimefaulu, au maelezo ya maandishi kwa nini kimefeli? Ofisa anayefika kwenye kibanda chake mara nyingi zaidi ni yupi: mwenye rula ya kupimia au mwenye kitabu cha faini? Na je, wale wanaopewa rula na wale wanaopewa faini wametenganishwa na ubora wa kazi yao, au na mtaa wanakotoka?

Halmashauri yoyote inaweza kuanza kujibu maswali hayo bila kungoja wizara. Inahitaji kipande cha ardhi, siku moja ya kila mwezi, mhandisi mmoja wa kukagua, na mkuu wa polisi aliye tayari kuhesabu gharama kama yule wa Pomona. Wanaharakati nao, wanapodai haki za wafanyabiashara wadogo, waongeze dai hili katika orodha yao: haki ya kujaribu, na haki ya kufeli mahali ambapo kufeli hakuui mtu.